Je, wajua kwa nini Soutine aliimwagia nyama damu kabla ya kuichora?

Ukipita buchani saa moja asubuhi, nyama iliyo kwenye kulabu ina wekundu wake. Rudi saa kumi jioni: juu imekauka, imeingia ukahawia, na muuzaji anaikwangua kidogo kwa kisu ili mteja aone kuwa ndani bado ni nzuri. Kwake hilo ni tatizo la nusu siku. Kwa Chaim Soutine lilikuwa tatizo la siku kadhaa mfululizo. Mnamo mwaka 1925 mchoraji huyo alinunua ng'ombe mzima aliyekwisha kuchunwa, akamtundika ndani ya studio yake mtaa wa Saint-Gothard, Paris, akaanza kumchora. Nyama ilipopauka, alitumia ndoo ya damu.

Damu ililetwa kutoka kwa wachinjaji. Aliyetumwa kuifuata alikuwa Paulette Jourdain, msichana aliyekuwa akimsaidia. Soutine aliimwaga juu ya mbavu na mapaja, akasubiri wekundu urudi, kisha akarukia brashi. Kesho yake nyama imefifia tena, damu nyingine. Ungependa kumwita mzoga yule ng'ombe, lakini kwa watu wa bucha mzoga ni mnyama aliyejifia, na huyu alichinjwa. Ila baada ya siku kadhaa neno hilo lilianza kumkaa vizuri. Majirani walishindwa kuvumilia harufu, wakashtaki, na maafisa wa afya wakabisha hodi. Wanaosimulia kisa hiki wanasema hawakumnyang'anya nyama yake. Walimwonyesha namna ya kuidunga sindano ya dawa ya kuzuia kuoza, na tangu hapo akawa na sindano zake hata alipochora kuku.

Sasa, si angechanganya tu rangi nyekundu akamaliza? Mtu yeyote anayejua kuchora angefanya hivyo. Soutine hakuweza, au tuseme hakutaka kuweza. Hakuwa na kawaida ya kuchora michoro ya maandalizi kwa penseli, wala hakupenda kuchora kwa kukumbuka. Alitaka kitu chenyewe kiwe mbele ya macho yake, na brashi iende moja kwa moja kwenye turubai. Kitu kikibadilika, picha nayo imepotea. Na nyama hubadilika upesi: wekundu wake unatokana na protini iitwayo mioglobini, ambayo ikikaa na hewa muda mrefu hugeuka kahawia. Damu mbichi ina wekundu wake yenyewe, kwa hiyo ikimwagwa juu huifunika ile kahawia na kuilowesha nyama iliyokauka. Ing'ae tena kama ya asubuhi.

Wazo la kuchora ng'ombe aliyechinjwa halikuwa lake. Rembrandt, Mholanzi, alishamchora mwaka 1655, na picha ile iko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ambako Soutine alikuwa mgeni wa kila mara. Lakini ng'ombe wa Rembrandt ametulia kwenye kivuli cha chumba. Wa Soutine amesimama kama moto: nyekundu, njano, na nyuma yake buluu iliyokolea, rangi imepakwa nene mpaka unaona njia ya kila brashi. Ukimtazama kwa muda unaanza kuona mtu amenyoosha mikono.

Hapo ndipo inabidi turudi alikotoka. Soutine alizaliwa mwaka 1893 huko Smilavichy, kijiji karibu na Minsk katika Belarusi ya leo, mtoto wa kumi kati ya kumi na mmoja. Baba yake alikuwa fundi wa kushona viraka. Wayahudi wa kule walishika dini, na kuchora sura za watu kulionekana kama kuvunja amri. Inasimuliwa kwamba kijana alimchora mzee mmoja wa dini, akapigwa vibaya sana, na mama yake akalipwa fidia ya rubo 25. Hela hiyo ndiyo iliyomsaidia kwenda kusoma uchoraji. Mwaka 1913 alikuwa Paris, akiishi La Ruche, jengo la wasanii maskini lililokuwa jirani na machinjio ya Vaugirard. Njaa aliijua vizuri.

Wengi huishia hapo: alichora nyama kwa sababu alikuwa na njaa. Mimi siikubali sana hoja hiyo. Mwaka 1925 Soutine hakuwa na njaa tena. Miaka miwili mitatu nyuma, Albert Barnes, tajiri wa Marekani, alikuwa amenunua picha zake zaidi ya 50 kwa mkupuo. Kilichomzuia kula sasa ni vidonda vya tumbo.

Kuna jambo jingine alilomwambia rafiki. Akiwa mtoto alimwona mchinjaji wa kijijini akikata shingo ya ndege na kuikamua damu. Alitaka kupiga kelele, lakini uso wa yule mchinjaji ulikuwa na furaha, na kelele ikamkwama kooni. Alipomchora ng'ombe alikuwa bado anajaribu kuitoa, na alikiri haikutoka.

Kumbuka sheria ya kwao. Myahudi mshika dini hali damu: mnyama huchinjwa damu itiririke, kisha nyama hulowekwa na kutiwa chumvi ili iliyobaki nayo itoke. Anayekula halali ataielewa sehemu ya kwanza bila kuelezwa. Basi mtoto wa Smilavichy alichukua nyama iliyokamuliwa, akairudishia damu kwa ndoo. Sidhani kama hakuliona hilo.

Wajerumani walipoikalia Ufaransa mwaka 1940, Soutine aliishi kwa kujificha vijijini. Agosti 1943 kidonda cha tumbo kilitoboka. Akapelekwa Paris kwa siri, akafanyiwa upasuaji, akafa tarehe 9 mwezi huo. Alizikwa makaburi ya Montparnasse, na miongoni mwa wachache waliothubutu kuhudhuria alikuwepo Picasso.

Ng'ombe wake wametawanyika katika makumbusho: Grenoble huko Ufaransa, Buffalo na Minneapolis huko Marekani. Mchoro mmoja uliuzwa mnadani New York mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 28. Na mwingine umetundikwa Amsterdam, mji wa Rembrandt, huku ng'ombe wa Rembrandt mwenyewe akiwa bado Paris.