Mpangilio wa timu katika gemu za kupigana: nani atangulie, nani abaki nyuma

Mpangilio wa timu ni uamuzi wa nani ataanza pambano, nani atafuata na nani atakuwa wa mwisho, katika gemu ambazo mchezaji mmoja huongoza wahusika wawili au watatu badala ya mmoja. Wengi huupita haraka kwenye skrini ya kuchagua wahusika. Wanamtanguliza wanayemmudu zaidi, waliobaki wanawapanga kwa bahati. Mimi nauona kuwa uamuzi mzito kuliko kombo yoyote, yaani mfululizo wa mapigo yanayoungana, utakayoifanyia mazoezi, kwa sababu ndio unaoamua kombo hiyo utaipiga ukiwa na nini mkononi.

Gemu hizi zina koo mbili. Wa kwanza ulianza na The King of Fighters '94, iliyotolewa na kampuni ya SNK mwaka 1994. Kila upande una wahusika watatu wanaopigana mmoja mmoja. Anayeishiwa uhai hutoka, anayefuata huingia, na mshindi wa raundi huendelea na uhai uliombakia pamoja na nyongeza kidogo. Ukoo wa pili ni wa kampuni ya Capcom. X-Men vs. Street Fighter ya mwaka 1996 iliruhusu wahusika wawili kupokezana katikati ya pambano, kisha Marvel vs. Capcom 2 ya mwaka 2000 ikaleta timu za watatu, waliochaguliwa kati ya wahusika 56, na kuwawezesha walio nje kuruka ndani, kupiga na kutoka. Msaada huo wachezaji huuita asisti. Dragon Ball FighterZ ya mwaka 2018 nayo ni ya ukoo huu.

Kote huko nafasi ni zilezile: wa mbele, wa kati, na wa mwisho ambaye huitwa nanga. Zinatofautiana kwa sababu uhai ni wa kila mhusika peke yake, lakini nguvu ya kupiga supa, yaani pigo kubwa la kulipia, ni ya timu nzima. Mita ya nguvu, ile inayojaa kadiri unavyoshambulia, hurithiwa. Alichokitumia wa kwanza, wa tatu hatakikuta.

Chukua The King of Fighters XV ya mwaka 2022. Mhusika wa kwanza anaweza kulimbikiza vipande 3 vya nguvu, wa pili 4, wa tatu 5. Gemu yenyewe imeshakuonyesha aliye tajiri anatakiwa akae wapi. Mhusika ambaye kombo zake hutisha akiwa na vipande vyote mweke mwisho, na mbele mweke yule ambaye mateke yake ya kawaida, miruko yake na ulinzi wake vinatosha kumsumbua mpinzani bila supa. Kazi ya wa mbele ni kupunguza uhai wa upande wa pili, kujaza mita na kuondoka bila kuacha deni. Wapo wanaomtanguliza hodari wao ili awafagie wote watatu, na hoja yao si ya kupuuzwa: ukimwangusha wa kwanza haraka, mpinzani huanza kucheza kwa woga. Ila hoja hiyo husimama pale tu ambapo hodari huyo hahitaji nguvu nyingi. Akiwa ni mlaji wa mita, atakayerithi nafasi yake ataingia mikono mitupu.

Kwenye ukoo wa asisti hesabu inakuwa kali zaidi. Wa mbele ana wenzake wawili wa kumsaidia. Akianguka, anayefuata anabaki na mmoja. Nanga hana hata mmoja. Kwa hiyo mbele anafaa mhusika anayechanua akisaidiwa, kwa mfano mwenye mwendo wa kasi asiyeweza kumkaribia mpinzani salama mpaka kuwe na kitu cha kumfunika. Nyuma anatakiwa anayeweza kusimama peke yake: awe na njia ya kuingia, njia ya kutoka, na pigo la kumrudisha nyuma anayemkandamiza.

Lakini kanuni hiyo huvunjwa kwa makusudi, na hapo ndipo dhana hii inaponivutia zaidi. Kwenye Marvel vs. Capcom 2, moja ya timu zilizopata umaarufu mkubwa ni Magneto, Storm na Psylocke. Psylocke hakuwekwa mwisho kwa sababu ni mzuri akibaki peke yake. Aliwekwa kwa ajili ya asisti yake, inayopanda juu na kumdaka aliye hewani, na kumpa Magneto nafasi ya kuendeleza kombo. Aliyechagua timu hiyo alikubali nanga dhaifu ili apate sehemu ya mbele yenye makali. Hiyo ni biashara halali, mradi unajua umeuza nini.

Kinyume chake kipo pia. Ultimate Marvel vs. Capcom 3 ya mwaka 2011 ina X-Factor, nyongeza ya nguvu na kasi inayotumika mara moja tu katika pambano, na huwa kali zaidi kadiri wenzako wanavyopungua. Ndiyo maana katika gemu hiyo nanga mmoja anaweza kuwageuzia kibao wapinzani watatu. Mfano ulio wazi ni Phoenix. Uhai wake ni mdogo kuliko wa wote, lakini akianguka wakati timu ina vipande 5 vya nguvu, hufufuka akiwa Dark Phoenix, na wengi waliokuwa wanaongoza wamepoteza pambano hapo. Timu yake nzima hucheza kwa ubahili, wa mbele na wa kati wakijinyima supa ili kumwekea akiba.

Ukishaelewa hivyo, unajua pia namna ya kuibomoa timu hiyo. Kuna pigo linalogharimu kipande kimoja cha nguvu, linalomtoa aliye uwanjani na kumlazimisha mwenzake aingie. Ukimleta Phoenix ndani kabla mita haijafika 5, unapigana na mhusika dhaifu kuliko wote aliye nje ya nafasi yake. Timu nyingi husomeka kwa njia hiyo. Usiulize tu aliye mbele yako anafanya nini; uliza anamlinda nani nyuma, na asisti ipi ikiondoka mbinu yake yote inaanguka. Mara nyingi anayestahili kuondolewa kwanza ni yule anayeingia kwa sekunde chache tu na kutoka.

Asisti nayo si kinga. Anayeitwa ovyo hupigwa, na akidakwa pamoja na aliye mbele unaweza kupoteza wawili kwa kombo moja. Mwite ukiwa umeshajua wewe mwenyewe utakuwa wapi atakapotua. Kupokezana kuna hatari ya aina hiyo hiyo: anayekaa nje hujirudishia sehemu ya uhai aliopoteza, lakini anayeingia bila kufunikwa hukutana na pigo mlangoni.

Sheria ya kushindwa ikibadilika, mpangilio nao hubadilika. Katika Tekken Tag Tournament ya mwaka 1999, mmoja kati ya wawili akiishiwa uhai raundi imekwisha, hata kama mwenzake hajaguswa. Nanga haipo kabisa hapo. Kinachobaki ni kujua wakati wa kumtoa aliyejeruhiwa.

Ukitaka kupima mpangilio wako mwenyewe, tazama marudio ya mapambano uliyopoteza, na macho yako yawe kwenye mita. Timu ikifa na nguvu imejaa, mlaji wa nguvu umemweka mahali asipofikiwa na zamu yake, au wa mbele anabana matumizi mno. Nanga akiingia kila mara bila kitu, aliyemtangulia anakula kupita kiasi. Na wa mbele akianguka mapema kila pambano huku asisti zake hazijaitwa hata mara moja, mbadilishe nafasi kabla hujafikiria kumbadilisha mhusika.