Zahanati siyo fidia, tuelewane

Jamani kwenye hili naomba tuelewane maana nimechoka. Kila nikisema nafanya kazi ya fidia kwenye miradi ya mafuta huku Bunyoro, magharibi mwa Uganda, mtu ananirukia: "si wamewajengea zahanati na kuwachimbia visima vya maji, mnataka nini tena?" Zahanati ni msaada, kampuni ikiamua isijenge hakuna wa kuidai. Fidia ni deni. Iko kwenye Katiba yetu, ibara ya 26, kwamba mtu alipwe upesi, alipwe kwa haki, na alipwe kabla ardhi yake haijachukuliwa. Hata ujenge madarasa kijiji kizima, lile deni halipungui hata shilingi.

Mambo ya mazingira leo nayapita haraka, pedi 10 (viwanja vya kuchimbia) za visima vya mafuta ndani ya hifadhi ya Murchison, bomba la kilomita 1,443 mpaka Tanga ambalo lazima lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta yetu yana nta na yakipoa yanaganda, hayo yana watu wake wa kuyasemea. Mimi kinachoniuma ni tarehe ya ukomo.

Mthamini anafika na fomu, anahesabu muembe unaozaa, muembe mchanga, mihogo, nyumba ya udongo yenye bati, makaburi, mguswa, yaani mtu ambaye ardhi yake inachukuliwa na mradi, anatia sahihi, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anashuhudia, picha inapigwa. Hiyo ndiyo tarehe ya ukomo, kuanzia siku hiyo ukiongeza kitu hakihesabiwi. Sheria nzuri tu, bila hiyo watu wangepanda kahawa usiku kucha ili walipwe. Lakini ilikusudiwa hela ifuate nyuma yake! Kwenye bomba tarehe hizo ziliwekwa 2018 na 2019, na wengi hawakuona hela mpaka 2021 na baada ya hapo. Muda wote huo mazao ya msimu ulikuwa unaruhusiwa kupanda, ila kijijini ujumbe ulifika umeshageuka kuwa "usiguse kitu", kwa hiyo migomba haikupandwa, bati linalovuja likaachwa livuje, kijana aliyeoa akakosa pa kujenga chumba. Hasara hiyo fomu haina safu yake. Ndiyo Sheria ya Ardhi inatoa posho ya usumbufu, asilimia 15, au 30 kama notisi ni chini ya miezi sita, lakini inapigwa juu ya thamani ileile iliyoandikwa na mthamini, sasa kama thamani yenyewe ni ndogo hiyo 30 itakufikisha wapi?

Na niseme jambo ambalo kwenye ripoti hatuliandiki. Tunaahidi kwamba hela itatosha kununua shamba lingine la aina hiyohiyo, na mimi sina uhakika kama inawezekana. Kaya nyingi zikilipwa kwa mpigo zote zinatafuta ardhi parokia zilezile (siyo za kanisa, ni maeneo ya utawala yenye vijiji kadhaa), wauzaji wanajua, bei inapaa. Nawashauri wachukue ardhi kwa ardhi, wengi wanachagua hela, na siwezi kuwalaumu, maana shamba jipya linaweza kuwa mbali na maji na mbali na ndugu.

Linaloninyima usingizi zaidi ni malisho ya pamoja ya wilaya ya Buliisa. Ardhi ni ya ukoo, hati hakuna, fomu inataka jina la mwenye ardhi. Sheria inaruhusu watu wasajili umoja wa ardhi ya pamoja, sawa, wazee wanaandikishwa, hela inagawanywa, lakini anayechunga ni kijana ambaye jina lake haliko popote, kesho asubuhi anafungua zizi na hana pa kuwapeleka ng'ombe. Hapo sijaona mpango wa kurejesha maisha, yaani wa kumsaidia mtu apate riziki tena, uliomfikia. Kama wewe umewahi kuona mahali malisho ya pamoja yamefidiwa vizuri, hata kama siyo Uganda, niandikie hapo chini walifanyaje, hasa walimpata vipi huyo mchungaji.