Je, wajua kwa nini ripoti ya mtakwimu bima haiishii kwenye namba?

Kazi ya mtakwimu bima ni kukadiria fedha ambazo kampuni ya bima italipa kesho kwa mambo yaliyotokea leo, au ambayo hayajatokea kabisa. Wengi husubiri namba moja tu kutoka kwake: akiba ya madai, yaani fedha za kutengwa kwa ajili ya malipo hayo. Shida ni kwamba namba hiyo haihakikiki siku inapotolewa. Ukweli wake hujulikana miaka kadhaa baadaye, na huenda aliyeikokotoa keshahama.

Tuseme madai yaliyolipwa kwa majanga ya mwaka mmoja yamefika milioni 500. Historia inaonyesha kuwa hadi majalada yote yafungwe, malipo hufika mara 1.12 ya hapo, yaani milioni 560. Mtakwimu anaamua kutumia 1.08, kwa kuwa wastani ule ulivutwa juu na moto mmoja mkubwa wa ghala. Jumla inakuwa milioni 540. Kwenye faili la Excel kinachobaki ni 1.08 iliyochapwa kwa mkono juu ya fomula. Mwaka unaofuata mwenzake anaikuta na hana namna ya kujua kama ulikuwa uamuzi au kidole kiliteleza. Milioni 20 zinaning'inia hapo.

Ndiyo maana kanuni za taaluma hii zinasisitiza maandishi. Nchini Marekani, kiwango cha ASOP 41 kinataka mbinu, data na dhana zielezwe kwa uwazi wa kumwezesha mtakwimu mwingine wa fani hiyo kupima kama kazi ina mantiki. Ulaya, Solvency II, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kusimamia kampuni za bima inayotumika tangu 2016, inazidai kampuni zinazopima hatari kwa modeli zao za ndani kumbukumbu kamili, pamoja na kutaja mazingira ambamo modeli haifanyi kazi vizuri. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Nani anapenda kuandika udhaifu wa kazi yake?

Basi mbona maandishi hayo mara nyingi huwa hafifu? Kwa sababu huandikwa mwisho, muda ukiwa umekwisha. Ripoti ya robo mwaka iliyopita inafunguliwa, namba mpya zinabandikwa juu ya zile za zamani, na sentensi isemayo "akiba imepungua" inabaki ilivyo wakati jedwali lililo chini yake linaonyesha imeongezeka.

Dawa yake ni kuiacha ripoti izaliwe na hesabu yenyewe. Wazo la kuchanganya maelezo na msimbo wa kompyuta katika faili moja lilitangazwa na mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth mwaka 1984, na leo zana kama R Markdown na Quarto zinatumia wazo la aina hiyo: sentensi haibebi namba iliyochapwa, inaichota kwenye hesabu kila ripoti inapotolewa. Hata neno "imepungua" au "imeongezeka" linaweza kuchaguliwa na programu.

Sababu, hata hivyo, programu haiijui. Ile habari ya ghala lililoungua lazima iandikwe na mtu, tena siku ya uamuzi. Njia ninayoiona bora ni jedwali dogo la dhana lenye namba iliyokokotolewa, iliyochaguliwa, jina la aliyechagua, tarehe na sababu. Ripoti inalichapa jedwali hilo lote, na safu ya sababu ikiwa tupu, programu inakataa kutoa ripoti.

Kukataa huko ni muhimu kuliko kasi. Mwaka 2020 nchini Uingereza, visa 15,841 vya korona vilikosekana kwenye takwimu za kila siku, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni safu mlalo 65,536. Zilizozidi ziliachwa nje kimyakimya. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa ripoti inayojiendesha uonyeshe safu mlalo ngapi za data ziliingia, ngapi zilitumika, na kama jumla ya madai inalingana na leja ya wahasibu.