Je, wajua? Mlango wa mtego wa kambakochi haufungwi kamwe

Kwa miaka mingi nilikuwa na hakika kwamba dema, ule mtego wa fito wa pwani yetu, ni jela. Mnyama anaingia kwa mlango mpana unaozidi kuwa mwembamba, akishapenya anajikuta upande ambao mlango umegeuka kitundu katikati ya fito, na hapo hesabu yake imekwisha: atakaa humo mpaka mvuvi aje. Nimewahi kumweleza mtu hivyo, tena kwa mchoro mchangani. Kwa samaki maelezo yale yana ukweli wake. Kwa kamba (hapa nina maana ya kambakochi na jamaa zake wakubwa) ni karibu uongo mtupu, na namna uongo huo ulivyofichuliwa inachekesha kidogo.

Kilichoniondolea uhakika wangu ni wategaji wa Australia Magharibi. Pwani ya Perth, Fremantle na Geraldton, kutega kambakochi ni starehe ya watu wa kawaida. Unakata leseni, unaruhusiwa mitego miwili, unachukua kamba wasiozidi wanane kwa siku. Mwenye gamba la kichwa na kifua lisilofika milimita 76 anarudishwa majini, na jike mwenye mayai pia. Msimu mtamu ni Novemba hadi Januari, ambapo ndipo kiangazi chao kinapoingia. Lakini wapo wanaoendelea kutega Mei hadi Oktoba, majira ya baridi kwao na kwa sehemu kubwa majira ya kusi kwetu, na mara nyingi hao hurudi na kamba wachache. Mimi nilijijibu haraka: kamba wamejificha, jela imekosa wafungwa. Jibu hilo halikuwa baya sana. Kosa lake lilikuwa kwenye neno "jela".

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, walichapisha matokeo ya jambo rahisi ambalo mtu angedhani lilishafanywa zamani: walifunga kamera juu ya mtego wa kawaida, wakauzamisha, wakaangalia. Usiku waliwasha taa nyekundu, mwanga ambao kamba hauoni vizuri. Walipata zaidi ya saa 200 za mkanda. Katika kila kamba 100 walioingia, 94 walitoka. Sita tu ndio walionaswa.

Wala usidhani walitoroka kwa hila. Mitego ya kule huwa na upenyo mdogo uliowekwa makusudi ili wadogo wajiendee zao, na ungetarajia huo ndio uliovuja. Lakini kati ya waliotoka, asilimia 72 walipitia mlango uleule walioingilia. Asilimia 28 tu ndio waliotumia upenyo wa wadogo. Yaani kifaa ambacho watu wamekitumia vizazi na vizazi kupata riziki, na ambacho mimi nilikichora mchangani kama gereza, kinafanya kazi zaidi kama mgahawa. Mteja anaingia, anakula, anaondoka. Anayenaswa ni yule aliyekuwa bado mezani wakati paa la mgahawa lilipoanza kupaa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hatujazibeba tarakimu hizi kwenda nazo mbali. Kamba wa New Hampshire ni wale wenye makucha makubwa mawili kama koleo, na si ndugu wa karibu wa kambakochi wa Australia au wa kwetu, ambao hawana koleo bali miiba na papasi ndefu, zile nyuzi za kichwani za kupapasia. Pia hesabu hiyo ya 94 ilitoka kwenye mitego iliyozamishwa kwenye sakafu ya mchanga. Kwa hiyo usimwambie mtegaji wa Geraldton kwamba anapoteza 94 kwa 100. Hiyo si hesabu yake. Kinachohamishika ni wazo: mlango uko wazi, na kamba anajua ulipo.

Sasa, kama mlango uko wazi, mtego unanasa vipi?

Fikiria ndoo iliyotoboka chini, umeiweka chini ya bomba linalotiririka. Mwanzoni maji yanapanda, kwa sababu yanayoingia ni mengi kuliko yanayovuja. Yakizidi kupanda, uzito wake unayasukuma yavuje kwa kasi zaidi. Mwishowe yanafika kiwango ambacho yanayoingia na yanayotoka ni sawa, na hapo hayapandi wala hayashuki. Mtu akipita akachungulia atasema ndoo ina maji nusu. Hajui kwamba maji anayoyaona si yale yaliyokuwamo saa moja iliyopita.

Mtego ndio ndoo hiyo. Bomba ni chambo: vichwa vya samaki ndani ya kikapu kidogo, vikitoa harufu inayobebwa na mkondo kama moshi wa jiko unavyobebwa na upepo. Kamba aliye upande unakoelekea mkondo anaipata harufu kwa papasi zake ndogo, zile fupi zilizo katikati ya papasi ndefu, ambazo huzichezesha kama anayeonja hewa. Anaifuata. Aliye upande mwingine, hata akiwa hatua chache tu kutoka kwenye mtego, huenda asijue kwamba kuna karamu. Tundu la ndoo ni mlango. Mtego wa Australia Magharibi ni sanduku la mbao lenye shingo ya plastiki juu, si ubavuni: kamba anapanda, anashuka shingoni, anajikuta chini kwenye chakula. Kutoka kunamtaka apande tena, aifikie shingo laini inayoning'inia, ajivute juu. Inawezekana, ila ni kazi. Utundu wote wa mtego uko hapo: umefanya kuingia kuwe kwepesi kuliko kutoka, basi.

Halafu kuna jambo ambalo ndoo haina. Maji hayagombani, kamba wanagombana. Aliyetangulia anajiona mwenye nyumba na anaweza kumfukuza mgeni mlangoni. Tasmania, ambako wana kamba wa jamii nyingine, watafiti waliweka dume kubwa ndani ya mitego makusudi, na wadogo wakapungua kuingia. Kwa hiyo mtego wenye kamba mmoja mkubwa haumaanishi kwamba chini alikuwapo mmoja tu. Pengine walikuwapo kumi na watano, na huyo ndiye aliyekuwa bawabu.

Turudi kwenye baridi. Kamba hana joto lake mwenyewe. Mwili wake unakwenda kwa joto la maji, na maji yakipoa kila kitu ndani yake kinapunguza mwendo: moyo, njaa, miguu. Pwani ya Perth tofauti ya kiangazi na baridi si kubwa, ni digrii chache tu, kwa sababu mkondo wa Leeuwin unaoleta maji ya uvuguvugu kutoka kaskazini hupata nguvu majira hayohayo ya baridi. Hata hivyo, kwa kamba wa pwani ile imeonekana tangu zamani kwamba joto la maji, kujivua gamba na mwanga wa mwezi vyote vinabadilisha uwezekano wa kumnasa, hata idadi yao baharini isipobadilika. Usiku wa mbalamwezi mitego huwa mikavu zaidi. Anayejivua gamba hujificha kwa kuwa ni laini kama chapati, wala hana hamu ya kula.

Kwa mfano wa ndoo: baridi inakaza bomba. Wanaofika ni wachache na wanafika polepole. Lakini tundu nalo, kwa mantiki hiyohiyo, linapaswa kuziba kidogo, maana kamba mvivu wa kuingia ni mvivu wa kutoka. Basi kwa nini ndoo isibaki na kiwango kilekile? Fikra yangu, na naiita fikra, ni kwamba chambo hakimsubiri kamba. Harufu huwa kali saa za mwanzo, kisha wadudu na samaki wadogo wanakimaliza. Bomba lililokazwa likifungwa kabla ndoo haijajaa, hupati kiwango cha kutulia, unapata matone. Isitoshe, ile Novemba na Desemba inayotupa kipimo cha "kawaida" si ya kawaida hata kidogo: ndipo kamba wachanga, wamejivua gamba na kuwa weupeweupe, wanapoondoka kwa makundi kwenye miamba ya ufukweni kuelekea kina kirefu. Ukilinganisha Julai na Desemba unalinganisha siku ya kazi na sikukuu.

Majira ya baridi yana sharti lingine, na hapa Kiswahili kinatuchezea shere: mtego wa kamba una kamba. Sarufi ndiyo inayotuokoa. Kamba huyu analiwa, kamba hii inafunga boya. Na kamba hii ndiyo inayoleta shida, kwa sababu Mei hadi Oktoba ndipo nyangumi nundu wanapopanda kutoka Antaktika kwenda kuzaa kaskazini, na kurudi, wakipita kwenye pwani ileile. (Wenzao, wa kundi jingine, hupita Watamu miezi ya katikati ya majira hayohayo.) Kamba iliyolegea ikielea juu ya maji humzonga nyangumi mkiani au kwenye mapezi. Uvuvi wa biashara ulipoanza kufanywa mwaka mzima, visa vya nyangumi kunaswa viliongezeka kiasi cha serikali kubadilisha masharti mwaka 2014. Hata anayetega kwa starehe, akiweka mtego kina kirefu miezi hiyo, hana budi kutumia maboya machache na kuhakikisha nusu ya juu ya kamba yake inaning'inia wima badala ya kuelea. Kwa kitu kinachotegemea mlango wazi, ni ajabu kwamba anayekwama ni yule ambaye hakuwa amealikwa.

Mgeni mwingine asiyealikwa ni pweza. Yeye haingii kwa ajili ya vichwa vya samaki, anaingia kwa ajili ya kamba aliyefuata vichwa vya samaki. Wategaji wa kusini mwa Australia wanamjua vizuri: unavuta mtego, ni mzito, unafurahi, kisha unakuta gamba zima lililofyonzwa likawa tupu na pweza ameshajiendea. Mlango wazi unamfaa yeye pia. Kwetu uadui huohuo umegeuzwa kuwa kifaa. Pwani ya Lamu wapo wapiga mbizi wanaomfunga pweza kwenye fimbo na kumwingiza kwenye pango la mwamba, na kambakochi wanatoka wenyewe mbio.

Nilijiuliza kwa nini wajisumbue kuzama ilhali madema wanayo. Sehemu ya jibu ni kwamba mmoja wa kambakochi wanaovuliwa sana pwani ya Kenya, yule mkubwa mwenye rangi za buluu na kijani kama amepakwa kwa brashi, anajulikana kwa kupuuza mitego yenye chambo. Kwenye Mlango-Bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea, wanamvua kwa kuzamia kwa sababu hiyohiyo. Kwa nini ndugu zake wafuate harufu naye asiifuate, sijaona maelezo yaliyonitosheleza. Huyo hata ndoo yangu haimhusu, kwa maana bomba lake halijawahi kufunguliwa.