Namtafuta wa kukaa nyuma

Kikundi chetu cha kupanda vilima hapa Masasi kikitangaza kwamba kinahitaji watu wa kujitolea, wanaojitokeza kwanza ni wanaotaka kutangulia. Ni vijana wazuri, wana miguu na wana moyo. Lakini mimi niliyeongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka kabla ya kurudi nyumbani nawaambia wazi: ninayemhitaji kwanza ni wa kukaa nyuma.

Huyu haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Mwenzake akiinama kufunga kamba za viatu, naye anasimama. Mtu akiingia kichakani kujisaidia, anamngoja. Kuna safari niliyotangulia mimi, na yule tuliyempa kazi ya nyuma akachoka kungoja, akaja kuungana nasi. Tulianza safari watu 14; juu nikahesabu 13. Mama mmoja alikuwa amezidiwa na joto, akaketi chini ya mkorosho bila nguvu ya kuita. Tulimtafuta saa nzima. Tulimkuta mzima, midomo imemkauka, na mpaka leo nikipita pale huangalia ule mkorosho.

Joto la huku si la kuchezea. Vilima vyetu ni vifupi sana ukilinganisha na zile mita 5,895 za Kilimanjaro, ila ni mwamba mtupu uliochomoza katikati ya tambarare. Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia Mjerumani aliyesafiri upande huu wa kusini mwishoni mwa karne ya 19, aliviona kama visiwa, na jina alilovipa mwaka 1900, “mlima kisiwa” kwa Kijerumani, wanajiolojia wanalitumia hadi leo. Jiwe hilo hunywa jua tangu asubuhi, na ikifika saa tano linakurudishia usoni. Kwa hiyo tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, na saa nne tuwe tumeshashuka.

Kazi nyingine haina picha ya kupiga kileleni. Ni jembe. Mvua ikinyesha, mwamba haufyonzi kitu. Maji yote huteremka kwa pamoja, yakifika kwenye udongo wa kichanga chini yake yanafuata njia yetu ya miguu na kuichimba korongo. Korongo hilo huishia shambani kwa mtu. Dawa yake ni makinga maji: mitaro mifupi inayokata njia kwa mshazari, upande wa chini umepangwa mawe, ili maji yatoke pembeni kidogo kidogo kabla hayajapata nguvu. Ukiuchimba umenyooka kukata njia, unajaa mchanga na maji yanaruka juu yake.

Zamani tulichimba Oktoba tukidhani tunawahi mvua. Tulikosea mara mbili. Udongo wa Oktoba ni mgumu kama tofali, na watu wote wako kwenye korosho. Huwezi kumwomba mtu aache kuokota akakuchimbie mtaro. Sasa tunachimba Mei, mvua zikiwa zimekatika na ardhi bado laini, wakati makovu ya maji yanaonekana yenyewe na kukuelekeza pa kupiga jembe. Tunafyeka na majani hapo hapo, kabla watu hawajaingia kwenye kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu.

Nyuki nao wanataka mtu wao. Wanakaa kwenye nyufa za mwamba, kwa hiyo kuna mmoja anayepanda siku moja kabla kukagua. Hapigi kelele, hajipaki manukato, na akiwaona tunabadilisha njia. Aking’atwa na nyuki mmoja anaondoka mara moja bila kumpiga, maana nyuki aliyeuma huacha harufu inayowaita wenzake.

Kabla ya yote hayo, wawili wetu huenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa wazee. “Shikamoo babu, tunaomba kupita.” Kuna mahali wanatuambia tusikanyage kwa sababu pana tambiko, na hatukanyagi. Mgeni akitaka kujua sababu, tunampeleka kwa mzee amuulize mwenyewe.

Jumamosi iliyopita wa nyuma alikuwa binti wa kidato cha nne, mara yake ya kwanza. Sisi wengine tulikaa chini ya mwembe nusu saa nzima tukimngoja, vitumbua vikipoa, kwa kuwa mzee mmoja alikuwa akishuka na goti bovu. Walipotokea, binti alikuwa hatua mbili nyuma yake, amembebea chupa ya maji. Akafika, akatuhesabu kwa kidole, naye akajihesabu.

“Ishirini na moja. Nyuma yangu hakuna mtu.”

Ndipo tukala.