Mwaka 1961 Tanzania Haikuwepo

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba simu yangu hujaa kadi za kupongezana. Mpwa wangu, binti wa kidato cha pili ninayeishi naye Mbagala, alinitumia yake: bendera inapepea, chini yake maandishi ya kung'aa, "Tanzania ilizaliwa 9/12/1961". Nikamwambia ataje rangi za ile bendera.

"Kijani, njano, nyeusi, buluu."

"Sasa hiyo buluu imetoka wapi?"

Akanyamaza. Bendera iliyopandishwa usiku ule, kwenye uwanja tunaouita leo Uwanja wa Uhuru, haikuwa na buluu hata chembe. Ilikuwa kijani juu na chini, nyeusi katikati, na michirizi miwili ya njano. Ilikuwa bendera ya Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru wake 10 Desemba 1963, ikafanya mapinduzi 12 Januari 1964, na nchi mbili zikaungana 26 Aprili mwaka huohuo. Buluu ilikuja na Wazanzibari. Jina lenyewe la Tanzania lilichelewa zaidi: hadi 29 Oktoba 1964 tuliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu la kumchosha hata mtangazaji wa redio.

Kwenye kadi hizohizo utakuta Mwalimu Nyerere ameandikwa "Rais, 1961". Hapana. Siku ile alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Uingereza. Januari 1962 Mwalimu aliuacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Urais aliupata Tanganyika ilipokuwa jamhuri, 9 Desemba 1962.

Kosa ni lilelile: tunachukua jina la leo, tunamvika mtu wa jana.

Ila uongo ninaoupenda, maana ni mtamu, ni wa Mlima Kilimanjaro. Umeshausikia: Malkia Victoria alikuwa na milima miwili yenye theluji, mjukuu wake Kaisari wa Ujerumani hana hata mmoja, akalia, bibi akampa Kilimanjaro zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya umepinda pale. Wakubwa wanausimulia, na wageni wanausimuliwa wakiwa njiani kwenda Moshi.

Chukua kalamu uhesabu. Mpaka ule ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Mjukuu anayesemwa, Wilhelm wa Pili, alitawazwa Kaisari mwaka 1888. Aliyekuwa kwenye kiti mwaka 1886 ni babu yake, Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria kwa namna yoyote. Kilichopindisha mstari ni biashara kavu. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wamekwishafunga mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, na Waingereza nao walikuwa na madai yao Taveta. Wakagawana: mlima huku, Taveta na Mombasa kule. Wachaga hawakualikwa, na hapo ndipo ile hadithi ya bibi na mjukuu inaponiudhi, kwa sababu inaufanya unyang'anyi uonekane mapenzi ya kifamilia.

Wengine hudhani Kinjekitile Ngwale aliongoza Vita vya Maji Maji mpaka mwisho. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 kwa Wamatumbi kung'oa pamba, na Wajerumani walimnyonga Kinjekitile tarehe 4 Agosti. Watu waliendelea kupigana hadi 1907 bila yeye. Na waliokufa wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Kuhusu mji wetu, kwa kifupi: Dar es Salaam haikuanzishwa na Wajerumani. Wao waliuhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alikuwa ameshaanza kujenga miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na Boma la Kale la enzi zake bado limesimama kando ya bandari.

Jumamosi moja nilimpeleka binti yangu huyo Posta, tukasimama mbele ya Sanamu ya Askari. Anko, huyu ni mpigania uhuru? Ndivyo wengi wanavyodhani, hasa wakiiona ile bunduki yenye singe imeelekea bandarini. Lakini sanamu hii iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya Hermann von Wissmann, yule gavana aliyewakandamiza kina Bushiri wa pwani. Askari huyu wa shaba anakumbusha Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza wakiwa upande wa Uingereza, wakati Waafrika wenzao walikuwa wanapigana upande wa Mjerumani.

Akasogea kusoma maandishi, nusu kwa sauti, huku jua likimchoma. Akafika penye wapagazi, wanaoitwa mikono na miguu ya jeshi. Nikamweleza kwamba hao ndio waliobeba risasi na unga porini, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na walipopiga kambi hapa mjini watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao.

"Wakalitamkaje?"

Sikumjibu. Tukavuka barabara hadi kituoni, na konda alikuwa ananing'inia mlangoni, anapiga bodi ya gari kwa kiganja: "Kariakoo, Kariakoo, Kariakoo!"