Fimbo si tagi

Wiki iliyopita nimesikia tena fimbo ya kuongozea ndege ikiitwa tagi, na safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu. Tulikuwa hangani, kwenye jengo la kulaza ndege, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam upande wa Teminali Wani, na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ilitakiwa kuingia ndani kabla ya wingu zito lililokuwa linapanda kutoka baharini. Akamwambia kijana wa mafunzo, "Dogo, kalete tagi." Kijana akatoka mbio, akarudi na bomba la chuma lenye makucha mawili mbele na mpini nyuma. "Hii hapa, kaka." Wote wakaridhika, kazi ikaanza. Nilinyamaza kwa sababu matone yalishaanza kudondoka, lakini alicholeta kijana haikuwa tagi. Ilikuwa fimbo.

Tagi ni kifaa chenye nguvu yake chenyewe, ya mota au ya injini, kinachoishika ndege ikiwa chini na injini yake imezimwa, mara nyingi kwa tairi la mbele, kikaiondoa iliposimama, kikaielekeza, na kikaisimamisha inapotakiwa kusimama. Kwa ndege zenye tairi dogo mkiani, hushika mkiani. Tagi ya kujitengenezea ni hiyo hiyo, ila fundi ameiunganisha kwa vipuri vya vitu vingine badala ya mwenye ndege kuinunua kiwandani. Fimbo haina nguvu yoyote. Nguvu ni ya mikono ya watu, na fimbo inakusaidia tu kugeuza tairi. Kwenye hizi Cessna ndogo, wanaosukuma huweka mikono kwenye nguzo za mabawa, na mwenye fimbo anaongoza.

Kwa nini watu wanachanganya? Nadhani kosa linaanzia kwenye neno lenyewe.

Neno hili lilitufikia kwa njia ya maji. Waingereza walilitoa kwenye mzizi wao wa kale wenye maana ya kuvuta kwa nguvu, wakalipachika kwenye boti za mvuke zilizofanya kazi ya kukokota vyombo vingine. Mojawapo ya zile za mwanzo, Charlotte Dundas, mwaka 1803 ilikokota matishari mawili ya tani 70 kila moja kwenye mfereji wa Forth and Clyde kule Uskoti, kwa umbali wa kilomita zipatazo 30. Kazi ile ilikuwa ya kuvuta tu: kamba nyuma, mzigo unafuata. Kutoka kwenye boti, jina likahamia kwenye magari madogo ya viwanja vya ndege. Watu wa bandari yetu walishalizoea siku nyingi, na sisi wa uwanja wa ndege, Kipawa, tukalichukua pamoja na maana yake ya kuvuta.

Lakini panda pantoni ya Kigamboni asubuhi meli kubwa inapoingia, uangalie tagi za bandarini zinafanya nini. Moja imeegemeza pua yake yenye matairi kwenye ubavu wa meli, inasukuma. Nyingine imefunga kamba nyuma ya meli na kazi yake ni kuizuia isiende kasi. Nenda Teminali Thrii, uione ndege ya abiria inapoondoka mlangoni: inasukumwa kinyumenyume hadi ikae sawa, ndipo iende yenyewe kwa injini zake. Jina limebaki la kuvuta, kazi imekuwa pana zaidi. Kwa hiyo mtu akijiuliza "tagi ni nini?" na akajijibu "ni kitu cha kuvutia ndege," atakuwa amelifuata neno lilikotoka, na kamba, fimbo, hata kirikuu iliyofungwa mnyororo, vyote vitakuwa tagi.

Kiswahili kingetuokoa hapa, kama tungekuwa makini na vitenzi vyetu wenyewe. Kuburura ni kuvuta kitu kinachokwaruza chini. Ndege ikiburuzwa, kuna kilichoharibika: tairi limepasuka, au breki imeng'ang'ania. Kwa hiyo nikisikia "njooni tuiburure ndege ndani," naenda kwanza kuangalia matairi. Kukokota ni kuvuta kizito kwa taratibu na kwa jasho, magurudumu yakiwepo au yasiwepo. Humo ndimo alimozaliwa mkokoteni, na nalipenda neno hili kwa sababu ukilitegea sikio ndani yake kuna amri ya watu wengi: kokoteni! Mkokoteni wa Kariakoo uliojaa magunia unavutwa na mmoja mbele na kusukumwa na wawili nyuma, na hakuna anayeuliza kama jina lake linaruhusu kusukumwa. Mkokoteni ndio unaofanana na ndege iliyofungwa fimbo: chombo kizito, magurudumu mazuri, nguvu ya watu.

Kuna aliyependekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba tuiite tagi "kikokotoo cha ndege." Hapana. Kikokotoo kinatoka kwenye kukokotoa, yaani kupiga hesabu, na tangu mjadala wa pensheni wa mwaka 2018 hakuna mstaafu nchini asiyejua maana yake. Kukokota na kukokotoa si kitenzi kimoja. Mimi naona tagi litoshe, lipewe ngeli yake, tagi hii na tagi hizi, na lilindwe maana.

Ni jambo la kulindwa kwa sababu tofauti ya fimbo na tagi haiishii kwenye kamusi. Chukua ile 172. Ikiwa na mafuta ina kilo 900 hivi. Kwenye zege laini na tambarare, matairi yenye upepo wa kutosha yanadai nguvu ya kilo 15 hadi 20 tu ili iendelee kutembea. Mtu mmoja anaiweza. Ila zege la nje ya hanga halimiminwi tambarare. Linapewa mteremko ili maji ya masika yasirudi ndani, na mteremko wa sentimita mbili tu kwa kila mita unaongeza nguvu ya kilo nyingine 18. Halafu kuna reli ya mlango, ambapo tairi la mbele linagota. Hapo mnahitajika wawili au watatu, na bado mnaweza. Shida yenyewe inakuja mnapotoka. Sasa mteremko uko upande wa ndege. Mwenye fimbo yuko mbele, mgongo wake umetazama uwanja, pangaboi liko karibu na kifua chake, na anachokishika hakina breki. Akiteleza, hakuna kitu mkononi mwake kinachoweza kuizuia ndege. Mtu wa kukaa ndani akanyage breki ni lazima, na mara ngapi tunamweka?

Kwa hiyo nikiulizwa alama ya kwanza ya kuitambua tagi, sisemi kuvuta. Nasema kusimamisha.

Wanaojitengenezea wanajifunza hili kwa mpangilio ule ule karibu kila mahali. Marekani na Uingereza wenye ndege ndogo huanza na mashine ya kukatia nyasi, au ya kusukumia theluji uani, au drili ya betri. Hapa tunaanza na guta, na injini ya pikipiki, na ekseli na giaboksi ya bajaji, ambayo ina faida ya kuwa na gia ya kurudi nyuma. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuifungia fimbo mota na gurudumu moja la toroli. Anaiwasha, gurudumu linazunguka palepale, zege linapakwa mpira mweusi, ndege haijasogea hata inchi moja. Anadhani mota ni dhaifu, anatafuta kubwa zaidi. Gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi.

Mota haina kosa. Kitu chenye kilo 30 kikiwa juu ya zege kavu, tairi lake haliwezi kung'ata zaidi ya nguvu ya kilo 18 au 20 kabla ya kuteleza, hata ukiifunga injini ya lori. Kinachokosekana ni uzito. Na uzito upo palepale, umekaa juu ya tairi la mbele la ndege: kwenye ndege kama hii ni zaidi ya kilo 100. Tagi nzuri ya kujitengenezea inaingia chini, inalinyanyua lile tairi kidogo kutoka sakafuni na kulibeba mgongoni mwake. Kuanzia hapo ndege yenyewe ndiyo inayoikandamiza tagi chini, na mng'ato wake unakuwa zaidi ya mara nne. Mara ya kwanza kuona hili likifanya kazi nilipiga magoti nitazame vizuri. Tairi za toroli zilibonyea, zikakamata, na ndege ikaondoka bila kelele.

Ile niliyopigia magoti ilitengenezwa na fundi wa Vingunguti, si mbali na uzio wa uwanja. Fremu ni ya bomba la mraba, mota mbili ni za kiti cha magurudumu cha umeme kilichokufa, betri mbili ni za gari. Wanaoiona mara ya kwanza hawaamini mota zile zinatosha. Lakini piga hesabu: hata ukihitaji nguvu ya kilo 50 kuvuka reli, kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea, unadai wati 500 hivi. Pasi ya kunyooshea nguo inakula mara mbili yake. Siri iko kwenye gia. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 25 linahitaji mizunguko 76 hivi kwa dakika kwa mwendo huo. Mota inayozunguka mara 3,000 lazima ipunguzwe kama mara 40. Mtu anayeanza na injini ya pikipiki bila kulijua hilo anatengeneza kitu kinachorusha ndege ukutani.

Na mota za kiti kile zina kitu ambacho fundi alikisifia kuliko vyote: ukiachia swichi, breki yake ya sumaku inafunga yenyewe. Wengine hupata matokeo ya jinsi hiyo kwa gia ya skrubu, ambayo mota inaweza kulizungusha gurudumu lakini gurudumu haliwezi kuizungusha mota. Umeme ukikatika katikati ya mteremko, ndege inasimama pale pale. Hapo ndipo chuma kile kilipostahili jina.

Niiseme na sifa ya fimbo, kwa haki. Ukiwa na fimbo mkononi, unahisi. Tairi la mbele la 172 halitakiwi kugeuzwa zaidi ya nyuzi 30 kila upande likiwa linavutwa. Mwongozo wa ndege unaonya waziwazi kwamba ukizidisha utaharibu gia ya kutua, yaani miguu ya magurudumu. Mkono wa binadamu unakutana na ule ukinzani na unalegea. Mota haihisi kitu, inaendelea kugeuza, na kinachopinda ni stopa na viungo vya mguu wa mbele, ambavyo hutaviona hadi siku ndege inapotetemeka pua ikishika barabara ya kurukia ndege. Kwa hiyo mwenye tagi ya kujitengenezea lazima aweke alama ya rangi inayoonyesha mwisho wa kugeuza, na mtu mmoja macho yake yawe hapo, si kwenye ncha ya bawa. Ncha ya bawa iwe na mtu wake. Mabawa ya 172 yana upana wa mita 11, na milango ya mahanga yetu mingi haikujengwa kwa ukarimu.

Kuhusu wale wanaoikamata ndege kwa pangaboi kwa sababu hakuna fimbo wala tagi: msifanye hivyo. Waya mmoja wa swichi ya magneto, kifaa kinachoipa injini cheche, ukiwa umekatika, pangaboi likisukumwa kidogo tu injini inaweza kuwaka, ufunguo ukiwa mfukoni mwa rubani nyumbani.

Mvua ilipopungua juu ya mabati siku ile, nilimwita yule kijana pembeni, kisha na yule kaka. Sikuwagombeza, kwa sababu hangani kwetu karibu wote tunasema hivyo na kijana alileta alichofundishwa kuleta. Niliwaonyesha tu. Kile chuma chekundu kilichoegemezwa ukutani karibu na mlango ni fimbo, kiiteni fimbo. Kile cha chini chenye betri, kinacholala na chaji usiku, ndicho tagi. Mkienda Gerezani au Vingunguti kuagiza, mwambieni fundi mnataka kipi, na kama ni tagi, muulizeni kwanza inasimama vipi.